Saa ya Kunyonyesha Ihesabiwe Kwenye Mizani

Ndugu wafanyakazi wenzetu wa mashambani na viwandani, safari hii hatutazungumza juu ya nyongeza ya mshahara. Tutazungumza juu ya watoto wetu, hasa wale wadogo ambao bado wananyonya. Tunajua wapo watakaosema hilo ni jambo la nyumbani, halikihusu chama. Tunawaomba wasome mpaka mwisho, kisha waseme tena.

Sisi tunaozunguka katika mashamba ya chai hapa Uganda kwa kazi ya chama tunaona jambo moja kila tuendako. Saa kumi na mbili asubuhi ukungu bado umefunika chai, na mnyapara ameshaanza kuita majina. Mama mwenye mtoto wa miezi mitatu amesimama kwenye mstari. Maziwa yamemjaa na gauni limelowa kifuani. Je, mtoto amemwacha wapi? Njia ni tatu tu. Ya kwanza, amembeba mgongoni, na ataingia naye shambani kwenye umande, siafu na dawa ya kuua magugu. Ya pili, amemwachia jirani na kumlipa sehemu ya ujira wake, ambao tangu mwanzo ulikuwa hautoshi. Ya tatu, nayo ndiyo ya wengi, amemwachia binti yake wa miaka minane au tisa. Binti huyo siku hiyo haendi shule.

Katika shamba moja ambalo hatutalitaja jina, binti wa namna hiyo aliachiwa mdogo wake. Mtoto akalia njaa, binti akaweka uji jikoni, sufuria ikapinduka. Habari ilipomfikia mama shambani alikuwa hajatimiza kilo zake. Mnyapara akamwambia apeleke kwanza majani kwenye mizani, asije akapoteza siku nzima. Akapeleka, kisha akakimbia. Mtoto alipona, lakini mkono wake wa kushoto haukunjuki sawasawa mpaka leo. Tulipokwenda kumwona meneja alitupokea kwa heshima. Alisema amesikitika sana, lakini ajali ile ilitokea nyumbani, haikutokea kazini.

Sisi hatukubali. Nyumba ile ni ya kampuni, iko katika laini za kampuni. Mama hakuwapo kwa sababu ya kengele ya kampuni. Binti hakuwa shuleni kwa sababu ya kengele hiyo hiyo. Kama mfanyakazi akikatwa na panga shambani tunasema ameumia kazini. Basi mtoto aliyeungua kwa sababu mama yake yuko kazini na hakuna mahali pa kumweka, tutasema ameumia wapi?

SHERIA NA HESABU YA MAJUMA

Tuanze na sheria, maana mfanyakazi asiyejua sheria huomba kama zawadi kile ambacho ni haki yake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 ya Uganda ilimpa mwanamke likizo ya uzazi ya siku 60 za kazi kwa mshahara kamili. Katika hizo, majuma 4 kwa uchache ni lazima yawe baada ya kujifungua au mimba kuharibika. Ilimpa pia haki ya kurudi kwenye kazi yake, na ilikataza kumwachisha kazi mwanamke kwa sababu ya mimba.

Hayo ni mazuri, na walioyapigania tunawashukuru. Lakini hebu tupige hesabu. Kwa mtu anayefanya kazi siku 6 katika juma, siku 60 za kazi ni majuma 10. Hata mama akichuma chai mpaka siku ya uchungu, ili likizo yote aitumie baada ya kujifungua, mtoto atakuwa na majuma 10 siku mama anaporudi kwenye mstari. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, yaani kama majuma 26. Toa 10 katika 26, yanabaki 16. Je, majuma hayo 16 ni ya nani? Muuguzi anamwambia mama asimpe mtoto kitu kingine ila ziwa. Mnyapara anamwambia awe kwenye mstari saa kumi na mbili. Mama hawezi kuwatii wote wawili, naye ndiye anayelaumiwa kliniki mtoto akikonda.

Sheria ile ya mwaka 2006 ilipotungwa ilitaja likizo, lakini haikuweka saa ya kunyonyesha. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha mswada wa kuirekebisha, na Rais akaurudisha bila kutia sahihi. Hatulitaji hili ili kuingia katika siasa. Tunalitaja kwa sababu mtoto wa miezi mitatu hawezi kusubiri Bunge. Kabla mswada haujakwenda na kurudi, ameshaanza kutembea.

MAJIRANI WAMEFANYA NINI

Wapo matajiri wanaotuambia kwamba saa ya kunyonyesha ni mambo ya Ulaya, na hapa kwetu haiwezekani. Basi tutazame kwa majirani, ambao chai yao na yetu huuzwa katika soko moja.

Tanzania, katika sheria yake ya kazi ya mwaka 2004, ilitoa likizo ya uzazi ya siku 84, na siku 100 kwa aliyejifungua pacha. Ikaongeza kwamba mwajiri amruhusu mama kunyonyesha katika saa za kazi, kwa muda usiozidi saa 2 kila siku. Kenya ilitoa likizo ya miezi 3 katika sheria ya mwaka 2007. Kisha Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ikamtaka mwajiri aweke mahali pa kunyonyeshea kazini, na ampe mama nafasi isiyozidi saa 1 katika kila saa 8 za kazi, nafasi hiyo ihesabiwe kuwa ni kazi yenye malipo. Kongo, katika sheria yake ya kazi ya mwaka 2002, iliweka likizo ya majuma 14, na nusu saa mara mbili kwa siku ya kunyonyesha.

Rwanda ilifanya jambo jingine ambalo linafaa tulisome vizuri. Mwaka 2016 ilianzisha mfuko wa likizo ya uzazi. Mfanyakazi anachanga faranga 3 katika kila faranga 1,000 za mshahara, na mwajiri anachanga nyingine 3. Wote wanachanga, wanaume kwa wanawake. Mama akijifungua, mwajiri hulipa majuma ya kwanza na mfuko unalipa yanayobaki. Faida yake ni nini? Ni kwamba mzigo haumwangukii tajiri mmoja peke yake, naye hana sababu ya kumwogopa msichana anayekuja kuomba kazi. Hapa kwetu tumeona wasichana wakiulizwa mlangoni kama wameolewa na kama wana mimba. Uoga huo ndio unaozaa maswali hayo.

Wala jambo hili si geni katika mashamba. Mwaka 1951 India ilitunga sheria ya mashamba makubwa iliyosema kwamba shamba lenye wanawake 50 au zaidi liwe na nyumba ya kulelea watoto wao walio chini ya miaka 6. Mwaka 1958 Shirika la Kazi Duniani lilitoa Mkataba Namba 110 wa wafanyakazi wa mashamba makubwa, wenye likizo ya uzazi isiyopungua majuma 12 na nafasi ya kunyonyesha. Baadaye, mwaka 2000, likatoa Mkataba Namba 183 wa likizo ya majuma 14, ukisema wazi kwamba muda wa kunyonyesha uhesabiwe kuwa ni muda wa kazi na ulipwe. Kwa hiyo anayetuambia kwamba tunaomba jambo jipya, tumwambie kwamba lina umri kuliko yeye.

SAA ISIYOPIMWA NI SAA YA BURE

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo sheria nyingi zimelisahau, na ambalo sisi wa mashambani tunalijua vizuri kwa sababu linatuuma. Sheria zinahesabu saa. Sisi tunalipwa kwa kilo.

Mama wa ofisini akipewa saa moja ya kunyonyesha, mwisho wa mwezi mshahara wake ni ule ule. Lakini mchuma chai akipewa saa hiyo, kikapu chake kitakuwa chepesi. Tuchukue mfano. Tuseme kiwango cha siku ni kilo 40 kwa saa 8. Hiyo ni kilo 5 kwa kila saa. Mama akitoka saa moja kwenda kunyonyesha, jioni karani wa mizani ataandika kilo 35. Kwa siku 26 za mwezi amepoteza kilo 130. Tena huenda siku zile zote akaandikiwa kwamba hakutimiza kazi. Saa aliyopewa kwa mkono mmoja imechukuliwa kwa mkono mwingine, na yeye ndiye aliyelipa.

Ndiyo maana tumekutana na akina mama ambao meneja amewaruhusu kwenda kunyonyesha, na hawaendi. Meneja anashangaa, anasema, "Nimewapa nafasi, wenyewe hawaitaki." Si kweli kwamba hawaitaki. Hawawezi kuinunua. Kwa hiyo tunasema: saa ya kunyonyesha ihesabiwe kwenye mizani. Kwa mama anayenyonyesha, katika mfano wetu, kilo 35 ziandikwe 40. Mpaka hapo ndipo itakuwa haki. Kabla ya hapo ni maneno tu.

Ni hivyo hivyo kiwandani. Mwenzetu wa kwenye mashine ya kufungasha anayelipwa kwa idadi ya maboksi yuko katika hali ile ile. Na yule wa zamu ya usiku ana shida zaidi, kwa sababu usiku hakuna jirani wala shule, na mtoto analala na nani?

TAJIRI ANAPOSEMA HANA PESA

Tajiri atasema nyumba ya watoto ni gharama. Tusimjibu kwa hasira, tumjibu kwa hesabu. Tuseme katika sehemu moja ya shamba wako akina mama 20 wenye watoto wadogo. Yaya mmoja akitunza watoto 5, wanatakiwa yaya 4. Inatakiwa nyumba ya mbao na mabati, sakafu ya saruji, choo, maji safi, mikeka, na uji wa saa nne kwa wale waliokwisha anza kula. Iwe karibu na mizani, ili mama akileta majani apate kumwona mtoto wake bila kutembea mwendo wa saa nzima.

Sasa tuhesabu upande wa pili. Kila mmoja wa akina mama hao akikosa siku moja tu katika mwezi kwa sababu mtoto anaumwa au mlezi hakufika, ni siku 20 za kazi. Kwa kilo 40 kila siku, ni kilo 800 za majani zilizobaki shambani. Kila mchuma chai anajua kwamba majani mawili na kichipukizi hayasubiri. Zamu ya kuchuma ikichelewa, jani linakomaa na kuwa gumu, na chai yake haipati bei. Hasara hiyo tajiri anayo tayari. Hajaiona kwa sababu haina risiti.

Na yule mama mwenye ujuzi akiacha kazi kabisa, kampuni inamwajiri mgeni ambaye mkono wake bado haujazoea. Tajiri mwenye ng'ombe wa kienyeji anajua jambo hili: ukimfungia ndama mbali, ng'ombe hakuachilii maziwa. Hatuwalinganishi mama zetu na mifugo. Tunashangaa tu kwamba mtu anaweza kulielewa neno hilo zizini na kulisahau shambani.

Wengine watatishia kwamba tukidai mengi wataleta mashine za kuchuma chai. Ndugu, mashine zimeletwa hata pale ambapo hakuna aliyedai nyumba ya watoto. Zinaletwa kwa hesabu zao wenyewe. Kunyamaza kwetu hakutazizuia.

Kuna ujanja mmoja mwingine ambao lazima tuutaje. Kanuni za Ajira za mwaka 2011 zilisema mtu asiwekwe kibarua zaidi ya miezi 4, apewe mkataba wa maandishi. Katika mashamba mengine mtu akikaribia miezi 4 anaondolewa, kisha anaandikwa upya kama mgeni. Mimba ni miezi 9, kibarua ni miezi 4. Hesabu hiyo imepigwa zamani. Kwa njia hiyo mwanamke anaweza kuchuma chai miaka 10 katika shamba moja na asipate siku hata moja ya likizo ya uzazi.

MANENO KWA WANAUME, NA KWETU VIONGOZI

Ndugu zetu wanaume, jambo hili ni lenu pia. Sheria ile ya mwaka 2006 ilimpa baba siku 4 za kazi zenye malipo kamili mara baada ya mkewe kujifungua au mimba kuharibika. Ni wangapi wamezichukua? Tumeuliza katika mikutano, na wengi walikuwa hawajapata kuzisikia. Wengine wamezisikia, lakini wanaona haya kuziomba, wasije wakachekwa na wenzao. Hakuna aibu katika kumchotea maji mama aliyejifungua jana. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na baba naye ni mzazi.

Tena fikirini juu ya yule binti anayeacha shule ili kulea. Ni binti yenu. Wengi wetu tunaofanya kazi hizi, pamoja na sisi tunaoandika haya, tuliishia shule ya msingi. Tunajua ni nini kusomewa barua na mtu mwingine, na kutia kidole kwenye karatasi ambayo hatukuielewa. Binti akikosa siku mbili kila juma, mwisho wa mwaka hajui kusoma, na atakapokua atasimama kwenye mstari ule ule aliosimama mama yake, naye atamtafutia mtoto wake mlezi mdogo. Nyumba ya watoto inamsaidia yule anayenyonya, lakini inamwokoa zaidi yule wa miaka tisa.

Sasa tujiseme sisi wenyewe, maana si haki kumnyoshea kidole tajiri peke yake. Miaka mingi tumekwenda kuzungumza na waajiri tukiwa wanaume watupu. Tulikuwa na karatasi ya madai. Mshahara ulikuwa wa kwanza, kisha viatu vya mpira na makoti ya mvua, kisha gharama za mazishi. Nyumba ya watoto ilikuwa ya mwisho. Mazungumzo yalipokuwa magumu, tajiri aliposema, "Punguzeni kidogo tumalize," tulifuta lile la mwisho. Tulifanya hivyo zaidi ya mara moja. Tulipata gharama za kuzika, tukaacha gharama za kulea. Akina mama walikuwa wakikatwa ada ya chama kama sisi. Tuliwakosea, na tunasema hapa mbele ya wote kwamba tuliwakosea.

TUNATAKA NINI

Kwa hiyo tunapendekeza kila tawi liyaandike mambo haya katika madai yake, kwa mazungumzo yajayo ya mkataba kati ya chama na kampuni:

1. Saa ya kunyonyesha kila siku mpaka mtoto atimize mwaka mmoja, na saa hiyo ihesabiwe kwenye mizani au kwenye idadi ya kazi, mama asipunguziwe kitu.

2. Nyumba ya watoto karibu na mizani au kiwanda, yaya walipwe na kampuni, na akina mama wenyewe washiriki kuwachagua.

3. Mwanamke mwenye mimba na anayenyonyesha asipelekwe kwenye kupulizia dawa wala kuchuma mahali palipopuliziwa siku hiyo. Wa kiwandani asipangiwe zamu ya usiku asipotaka.

4. Kibarua aliyeandikwa upya na upya ahesabiwe miezi yake yote, apate mkataba na likizo kama wengine.

5. Baba apewe siku zake 4 bila kuulizwa maswali ya kumchekesha mbele ya wenzake.

6. Katika kila ujumbe unaokwenda kuzungumza na mwajiri wawemo akina mama, nao wapewe nafasi ya kusema.

Hatutayapata yote siku moja. Lakini hilo la kwanza lisifutwe. Tajiri akituomba tupunguze madai ili tumalize, tupunguze jingine.

Wenye matawi yaliyokwisha pata nyumba ya watoto, waalikeni wenzenu wa mashamba ya jirani waje waone kwa macho. Wawakilishi wa wafanyakazi, wahesabuni watoto wanaonyonya katika laini zenu kabla ya mkutano ujao, muwe na idadi mkononi. Meneja anayeambiwa "watoto ni wengi" atatikisa kichwa tu. Anayeambiwa "ni watoto 23, na mabinti 9 hawaendi shule kwa ajili yao" itambidi ajibu.

Na wewe mama unayesoma haya, au unayesomewa na mwenzako, njoo kwenye mkutano wa tawi hata kama mtoto yuko mgongoni. Akilia, tutanyamaza kidogo anyonye, kisha tutaendelea.

Umoja ni nguvu.